Visu vya kukunja vyenye makali yaliyonyooka, na jinsi vilivyonikamata

Kwa sura tu, kisu cha kukunja chenye makali yaliyonyooka hakina mvuto. Mgongo unateremka ghafla mbele, ncha imekaa chini kabisa, makali ukiyawekea rula yanalala nayo mwanzo mpaka mwisho, hakuna ule mbinuko wa mbele unaofanya kisu kionekane kisu. Mi ni mtu wa visu vya mfukoni vya kizamani miaka mingi sasa, vile vya springi, mpini wa mfupa au mbao, bila kifungio wala mbwembwe, na kila nilipokua nachagua kingine jicho lilikua linakwenda lenyewe kwenye mabapa yenye tumbo, yani yale ambayo makali yanabinuka kwenda juu kukutana na ncha. Haya yaliyonyooka nilikua nayapita tu. Si kwamba niliyajaribu nikayaona mabaya, hapana, yalikua hayanisemeshi kitu.

Kilichonigeuza ni kisu ambacho tayari nilikua nacho. Kuna aina inaitwa stokimani, wafugaji wa ng'ombe wa Marekani ndo walioipa umaarufu, ina mabapa matatu kwenye mpini mmoja: moja kubwa lenye tumbo na ncha kali, la pili fupi lenye makali yaliyonyooka, la tatu lenye ncha ya mviringo ambalo asili yake ni la kuhasi mifugo. Nilikua natembea nacho kwa kazi za kawaida tu, kufungua maboksi, kukata kamba, kuchonga penseli, kukata zile nailoni za kubania waya, kazi ambazo ukiulizwa jioni umekata nini leo hukumbuki hata moja. Sasa kila nikikaa kunoa naona kitu kilekile, bapa kubwa bado linanyoa nywele za mkono, la kuhasi halijaguswa kabisa, na lile dogo lililonyooka ndo butu. Nikadhani labda limepikwa vibaya kiwandani, lakini baada ya kunolewa lilikua linakaa vizuri tu. Ikabidi nianze kuuangalia mkono wangu unafanya nini, na kumbe mkono ulishachagua zamani, ukiingia mfukoni unafungua lile dogo bila kuniuliza, lile kubwa ninalolisifia linafunguliwa nikitaka kumuonyesha mtu.

Hapo ndo nikaanza kujiuliza kwanini, na jibu nililipata kwenye kamba.

Chukua kamba, ikunje iwe kitanzi, weka kisu ndani uvute. Makali yenye tumbo yanakata vizuri mwanzoni ila kamba ikifika pale kwenye mbinuko inaanza kuteleza kuelekea nchani, maana makali yanaikimbia, na ukivuta kwa nguvu inachomoka kabla haijakatika. Makali yaliyonyooka hayaikimbii. Kamba inakutana na chuma kwa pembe ileile kuanzia karibu na mpini mpaka ncha yenyewe, kwaiyo nguvu unayoweka mwanzo ndo nguvu inayofika mwisho. Kwenye boksi hali ni ileile kwa namna nyingine. Bapa lenye tumbo ncha yake imekaa juu ya mstari wa makali, ukitaka ncha ipite kwenye selotepu lazima uinue mpini na kukunja kifundo cha mkono, na hapo unakua umepoteza nusu ya nguvu na robo tatu ya uangalifu. Lililonyooka, ncha ndo mwisho wa makali, iko palepale mstari ulipo, unajua ilipo hata usipoiangalia. Nikitaka kupitisha kisu kando ya rula kwenye kadibodi natumia ncha tu na inafuata mstari kwa utii ambao bapa lenye tumbo halijawahi kunipa.

Na ukifikiria vizuri, watu wanaokata vitu kwa kulipwa walishalijua hili zamani. Kile kisu cha wembe wa kuchomoka wanachotumia mafundi zulia na wafungua mizigo, makali yamenyooka. Wembe wa kinyozi, umenyooka. Patasi ya seremala, imenyooka. Visu vidogo vya kuchongea nakshi kwenye mbao, vingi vimenyooka. Tumbo ni zuri kwa kuchuna ngozi ya mnyama, kwa kukata nyama kwa mikato mirefu, na kwa kukatakata kwenye ubao kwa kubembeza kisu mbele na nyuma. Hizo ni kazi za mwindaji, mchinjaji na mpishi, wote wana visu vyao vikubwa. Kisu cha mfukoni kazi yake kubwa ni karatasi, kamba, plastiki na kijiti, vitu ambavyo havihitaji tumbo hata kidogo, ila tumeshazoea kuliona basi tunadhani bila tumbo kisu hakijakamilika.

Nikaanza kutafuta vya bapa moja tu, lililonyooka, na hapo ndo nikagundua kwamba ni ukoo mzima, kila mmoja na tabia yake.

Wa kwanza ni shipsifuti, ndo huo wa kwenye stokimani. Mgongo unakwenda sambamba na makali halafu mbele unapinda kwa mviringo kushuka chini. Ncha ipo lakini butu kidogo, nene, huwezi kuchoma nayo kitu kwa bahati mbaya. Asili yake inahusishwa na kupunguzia kwato za kondoo, lakini waliolipenda zaidi ni mabaharia, na ukikaa ukafikiria sababu iko wazi, uko juu ya meli inayoyumba, kamba zimelowa, wenzako wamebanana na wewe, hutaki mtu awe na ncha ya kuchoma mkononi pale wimbi linapopiga. Mpaka leo visu vya kuwekwa kwenye mashua za mpira za kuokolea watu baharini vinatengenezwa na ncha butu kwa sababu inayofanana na hiyo, isije ikatoboa mashua yenyewe. Mi shipsifuti ndo nampa mtu ambaye hajazoea visu.

Wa pili ni Wharncliffe, huyu ana jina la mtu. Inasimuliwa kwamba Lord Wharncliffe wa kwanza, bwana mmoja wa Uingereza aliyepewa cheo hicho mwaka 1826, alikaa na ndugu yake wakaongea habari za visu, wakachora umbo jipya, wakapeleka kwa Joseph Rodgers & Sons, kiwanda cha visu cha mji wa Sheffield hukohuko Uingereza, likatengenezwa. Iwe ilikua hivo neno kwa neno au hadithi imeongezewa chumvi na kiwanda, jina limebaki. Rodgers hawa walikua na majivuno yao maana ndo haohao waliotengeneza kile kisu cha maonyesho cha mwaka 1822 chenye mabapa 1,822, kitu ambacho hakiwezi kukata chochote wala kuingia mfuko wowote duniani, lakini ukitaka kumwambia mteja kwamba unajua kazi nadhani kinatosha. Turudi kwenye Wharncliffe, mgongo wake unaanza kushuka mapema, taratibu, kuanzia karibu na mpini mpaka unakutana na makali mbele kabisa, kwaiyo ncha inakua nyembamba na kali sana. Kutoa kibanzi kwenye kidole, kuchonga kona ndogo kwenye mbao, kukata picha kwenye gazeti, hana mpinzani. Ila ncha hiyo ukiitumia kubanjulia kitu inakatika, na haikupi onyo.

Wa tatu ndo kipenzi changu, lambsfuti, mtoto wa Sheffield hasa. Yuko katikati ya hao wawili. Mgongo unashuka kidogokidogo kwa mstari ulionyooka, halafu mbele kabisa unakatwa mshazari kwenda chini. Ncha inatosha kwa kazi ndogondogo lakini ina nyama nyuma yake, na bapa zima lina upana wa kutosha mpaka mbele. Kwenye picha haisemi chochote. Watu wengi wa nje ya Uingereza hawajawahi hata kulisikia, na mafundi wachache wa Sheffield bado wanalitengeneza, mpini wa pembe au mfupa au mpingo, na baadhi ya hivo visu vinakuja na kasoro ndogo za mkono, mwanya kidogo hapa, pini imekaa upande pale. Mi hizo kasoro hazinisumbui mradi springi iwe na nguvu na makali yawe yamenyooka kweli.

Umbo lenyewe halijaanzia hapo Sheffield lakini. Kuna kisu kirefu, karibu upanga, kilichookotwa mto Thames mwaka 1857, cha karne ya 10, kipo British Museum, kina urefu wa sentimita 72.1 na maandishi ya runi, zile herufi za kale za Ulaya Kaskazini, ubavuni. Ukikiangalia makali yamenyooka na mgongo ndo unaovunjika kushuka kwenye ncha. Ukikipunguza mpaka kiingie mfukoni unapata kitu kinachofanana na lambsfuti vibaya sana. Sisemi kwamba mmoja amezaa mwingine, nasema tu mhunzi wa miaka elfu moja iliyopita naye aliona inafaa mgongo ndo upinde, makali yabaki.

Wajapani nao kivyao. Wana kisu kinaitwa higonokami, kinatengenezwa Miki, mkoa wa Hyogo, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ni kitu rahisi mpaka unashangaa: kipande cha bati la shaba nyeupe au chuma kilichokunjwa kuwa mpini, bapa lenye makali yaliyonyooka na mgongo uliokatwa mshazari mbele, na kijimkia cha chuma nyuma ambacho unakibana na dole gumba ili bapa lisifunge. Hakuna springi, hakuna kufuli, ni msuguano tu na dole lako. Zamani watoto wa shule wa Japani walikua wanavitumia kuchongea penseli, karibu kila mtoto alikua nacho. Halafu Oktoba 1960 mwanasiasa Asanuma Inejiro akauawa jukwaani kwa upanga mfupi, na zikafuata kampeni za kuwaondolea watoto visu, na higonokami nacho kikachukuliwa na mafuriko hayo ingawa hakikuhusika. Leo jina hilo limebaki kwa familia moja tu ya mafundi, Nagao. Nilipokipata changu nilidhani nitakiweka kabatini kama ukumbusho, badala yake kimekaa juu ya meza na ndo kinachofungua kila bahasha. Chuma chake kimejengwa kwa tabaka, kigumu katikati na laini pembeni, na makali yake ni ya aina nyingine kabisa, yanaingia kwenye karatasi bila hata kutoa sauti.

Sasa tuje kwenye kunoa, maana hapa ndo nadhani watu wengi wangebadili mawazo kama wangejaribu tu. Kunoa makali yenye tumbo ni kama kupiga pasi kola ya shati, unafika kwenye mpindo lazima ugeuze mkono, uinue kidogo, usipoinua sehemu moja inaachwa, ukiinua sana unaharibu nyingine. Makali yaliyonyooka yanalala kwenye jiwe yote kwa wakati mmoja. Unaweka pembe, digrii 15 au 20 kila upande inatosha kwa kisu cha mfukoni, unaishikilia hiyohiyo, unasukuma, basi. Mtu ambaye hajawahi kunoa akaridhika anaweza kupata kisu kinachonyoa jioni hiyohiyo akianza na bapa lililonyooka. Mi mwenyewe nimejifunza zaidi kuhusu kushika pembe kwenye lambsfuti kuliko kwenye visu vyote vya tumbo nilivyokua navyo kabla, kwa sababu kikikosea najua ni pembe tu, hakuna kingine cha kusingizia.

Ila kuna mambo mawili ya kuangalia na hayasemwi sana. La kwanza ni jiwe lenyewe. Jiwe likishaliwa katikati likawa na bonde, bapa lenye tumbo halitakulalamikia, lakini lililonyooka litaanza kufuata umbo la bonde, makali yanajaa katikati na kupungua miisho, na baada ya muda una tumbo ambalo hukuliomba. Kwaiyo jiwe lisawazishwe, unalisugua kwenye sandpepa iliyobandikwa juu ya kioo mpaka liwe tambarare, au utumie la almasi ambalo halina bonde. La pili ni kinyume chake, ukizoea kukandamiza katikati ya bapa tu, hasa kwenye jiwe jembamba, unachimba shimo kwenye makali. Ni dogo, macho hayalioni. Namna ya kulijua ni kuweka makali juu ya kitu tambarare, kioo au bapa la rula ya chuma, halafu uangalie dhidi ya mwanga, ukiona mwanga unapita katikati ujue hapo pameliwa. Na kisu chenye shimo hilo kina tabia ya kukera sana, ukikata kitu kwenye ubao kinabakiza unyuzi mmoja haujakatika kila mara, unajiuliza mbona ni kikali.

Pale makali yanapoanzia karibu na mpini pia panasumbua kwenye visu vya kizamani maana vingi havina kile kijikato cha kutenganisha makali na shina, jiwe linagonga pale kwenye unene na milimita chache za mwanzo zinabaki butu. Wengine wanachimba kijikato kwa faili ya mviringo. Mi naacha. Kona ya jiwe inafika vya kutosha, na ukimaliza pitisha kwenye ngozi ya mkanda kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia, ile kingo nyembamba ya chuma iliyojikunja inatoka yenyewe.

Chuma cha kaboni au stenlesi, kila mtu na lake, hapa sitakaa sana. Visu vingi vya aina hii nilivyo navyo ni kaboni, na kile chuma cha Marekani kinachoitwa 1095, chenye kaboni karibu asilimia 0.95, kinanoleka kwa raha sana. Kinabadilika rangi, kijivu, bluu, kahawia, ukikata tunda ndo unaona kabisa, na hiyo rangi inasaidia kuzuia kutu nyekundu yenyewe. Kikaushe, kipake mafuta tone moja kwenye kiungo, mengine acha.

Kitu ambacho hakikua kwenye hesabu zangu kabisa ni usalama. Visu hivi havina kufuli, ni springi tu inayoshikilia bapa, na watu wanaviogopa kwa hilo. Lakini angalia nguvu inaelekea wapi. Ukikata, kitu unachokikata kinasukuma makali, na msukumo huo unalifungua bapa zaidi, haulifungi. Kinacholifunga ni kuchoma kwa ncha ikakwama, au kukandamiza mgongo. Bapa lililonyooka, hasa shipsifuti, halikushawishi kuchoma chochote, kila kazi unaifanya kwa kuvuta, kwaiyo hatari ya kwanza inajiondoa yenyewe. Ya pili ndo inataka akili: mgongo wa mabapa haya ni mpana na unaita kidole cha shahada kikae juu yake, na kinasaidia kweli, ila kidole kisikae mbele kuliko kile unachokata. Kikiwa mbele, ukisukuma unakua unalifunga bapa juu ya vidole vyako vingine. Kiweke nyuma, karibu na mpini, na huna wasiwasi.

Hapohapo niseme la sheria kwa kifupi maana linahusiana, Uingereza sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kulazimika kueleza sababu, na nadhani hilo peke yake limesaidia visu vya springi visife kule. Nchi nyingine zina yake, soma ya kwako kabla hujaweka kitu mfukoni, na kwenye ndege ni mzigo wa chini tu, usibishane na mtu pale mlangoni.

Havifanyi kila kitu, sitaki mtu aje kunidai. Kupaka siagi ni mateso, ncha inachimba mkate. Kuchuna ngozi, sahau. Kuchokoa ndani ya kitu cha mviringo, kama unatoa mbegu katikati ya tunda, makali yaliyonyooka hayageuki, unaishia kukata vipande vya pembetatu. Kukatia kwenye ubao kuna lake, kwa nadharia makali yaliyonyooka yanagusa ubao wote kwa pamoja na ni raha, lakini kisu cha kukunja mpini wake uko mstari mmoja na bapa, vifundo vya vidole vinagonga ubao kabla makali hayajafika. Dawa ni kufanyia kazi ukingoni mwa ubao, mkono uning'inie nje. Na kwenye maboksi, Wharncliffe ana shida ambayo shipsifuti hana, ncha yake iko chini na ni kali, inazama bila kusikika, kama ndani kuna nguo unaweza ukaipata na mstari. Shipsifuti unalaza karibu lote juu ya selotepu linakata kina kidogo tu.

Kuna kijifaida kingine cha mfukoni ambacho nilikigundua kwa kubeba tu. Kwa vile ncha iko kwenye mstari wa makali, kisu kikifungwa ncha inazama ndani kabisa ya mpini, haishiki uzi wala haichani mfuko. Na shipsifuti kwa vile mgongo wake hauteremki mapema, unabaki umetokeza juu ya mpini kiasi cha kuweza kuubana kwa vidole viwili ukafungua bila kutumia ukucha. Kwa mtu mwenye springi ngumu na kucha fupi hiyo si habari ndogo, nimevunja kucha kwenye visu vizuri vya bei mbaya mpaka nikaona aibu.

Ukitaka kununua chako cha kwanza, kwanza kifungue uweke makali juu ya kitu tambarare hapohapo, viwanda vingine vinasema makali yamenyooka kumbe yamejaa kidogo mbele, na kama ndo umefuata kunyooka huna sababu ya kukubali. Pili kifunge taratibu usikie, makali yakigonga springi ndani utasikia mlio wa kavu na ukiangalia utaona kidoa kinachong'aa kwenye makali, kila ukikifunga kitajibutua chenyewe. Tatu liangalie bapa kutoka juu likiwa limefungwa, liwe katikati, lisisugue upande. Springi isiwe ya kukuumiza. Vingine vinasimama nusu njia ukiwa unafunga, na hiyo naipenda kwa mgeni wa visu maana bapa linatulia pale digrii 90 na unapata nafasi ya kutoa vidole.

Mtu akiniuliza aanze na kipi, namwambia shipsifuti ya bapa moja, makali ya sentimita 6 hadi 7, chuma cha kaboni, na asikiuze hiko chake chenye tumbo. Avibebe vyote viwili mfuko mmoja, asijilazimishe kuchagua, halafu aangalie kipi kinakua butu kwanza.